Mafuta ya Bastola Si ya Geti

Tangu shemegi ahamie kwetu Fumba kutoka Dar es Salaam, nyumba nzima inanuka mafuta ya cherehani. Cherehani hatuna. Tulichonacho ni bastola, ndogo, ya kuenea kiganjani, yenye leseni yake, kisanduku chake cha chuma kilichochomelewa ukutani, na saa yake ya kuhudumiwa: baada ya sala ya alasiri, wakati ambao zamani ulikuwa wangu wa kunywa kahawa barazani kwa raha zangu.

Nisieleweke vibaya. Vibali vyote anavyo, kituoni karipoti, na katika ule uhakiki wa silaha wa 2016 kule Dar anasema alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kwenye foleni. Hilo nalisadiki. Huyu hata harusini hufika kabla ya turubai. Ninachokilalamikia mie ni chumvi.

Fumba ni rasi, mwenzangu. Bahari huku, bahari kule, Ghuba ya Menai inatuzunguka. Kaskazi ikivuma chumvi inaingia kwa dirisha hili, kusi ikishika inaingia kwa lile. Chuma chochote hapa ama kina kutu ama kinaingoja. Bati jipya linaota madoa kabla fundi hajamaliziwa pesa zake. Mnyororo wa baiskeli ya mwanangu umegandana. Bawaba za geti letu ndiyo usiseme, zinalia mpaka mtaa wa pili.

Sasa lete bastola kwenye hali hiyo. Shemegi anasema mwili wake ni plastiki ngumu, haushiki kutu. Sawa. Lakini mtutu ni chuma, springi ni chuma, na zile pini zinazoshikilia matumbo yake ni chuma. Juu ya hayo anaivaa kiunoni, chini ya shati, na shemegi ni mtu mwenye mwili wake, anayetoka jasho hata akisoma. Jasho nalo ni chumvi. Basi chumvi ya Mungu inaishambulia kwa nje, ya shemegi kwa ndani. Akiivua haiachi kwenye mfuko wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hunywa jasho na kukaa nalo usiku kucha.

Jioni anatandika kanga kuukuu ya mke wangu (siku ya kwanza haikuwa kuukuu, na huo ni ugomvi mwengine). Kwanza anatoa magazini. Anavuta chuma cha juu nyuma, anachungulia chemba, kisha anatia ncha ya kidole cha mwisho kuhakikisha hamna risasi, maana macho, anasema, huona yanachotaka. Risasi zote zinapelekwa chumba kingine, watoto wanafukuzwa, mie nabakishwa kwa sababu gazeti lililo chini ya kanga ni langu. Halafu anaifungua vipande vipande, na mswaki mkongwe unaanza kusugua weusi ambao haupo, kwani tangu ije Unguja haijalia hata mara moja. Tone la mafuta kwenye reli hii, tone kwenye ile, tone kwenye mtutu. Kisha anachukua kitambaa na kuyafuta yote.

"Shemegi, unayatia ili uyafute?"

"Yakizidi yanakamata vumbi, shemegi."

Ni kweli, na kwa vumbi hatujambo: kila ukigeuka Fumba pana mtu anajenga. Mchanga ukichanganyika na mafuta bastola inakwama. Ndani ya magazini ndiyo hatii kabisa, kwa kuwa mafuta yakipenya kwenye fataki ya risasi, siku ya haja itafanya "tiki" na kunyamaza.

Mama mkwe, alipokuja kututembelea, akashauri mafuta ya nazi yaliyolea vichwa vya ukoo mzima. Shemegi karibu azirai: yatanata! Kisha yeye mwenyewe akapata habari kuwa Wajapani walizoea kupaka panga zao za kale mafuta yenye karafuu. Kesho yake akarudi na chupa kutoka Darajani. Kumbe kule karafuu ni kidogo tu, ya harufu. Kazi inafanywa na mafuta mengine. Nyumba yetu ikanuka jino bovu wiki nzima. Unyevunyevu kisandukuni akaukabili kwa mchele, mpaka mke wangu alipotambua ni mchele wa Mbeya. Siku hizi watoto wanatumwa kwa majirani kuomba vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Majirani wanadhani tumefungua duka.

Mzee mmoja wa Bweleo alipita, akasimama, akaitizama bastola ile juu ya kanga. "Inaua nini hii? Kunguru?" Akatueleza kuwa gobori la babu yake lilioshwa kwa maji ya moto, kwa vile masizi ya baruti ya zamani ni chumvichumvi, mafuta hayayatoi. Likikauka ndipo linapakwa. Na magobori kisiwa hiki kinayajua: karne ya kumi na tisa yalishushwa hapa kwa shehena, yakavushwa Bara na misafara ya pembe. Shemegi akaitikia kwa adabu, akaendelea kupiga mswaki.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba hajui kama inafanya kazi. Anakiri mwenyewe: silaha hujulikana kwa kupigwa, si kwa kung'arishwa, na hizi ndogo ni za kudeka, springi zake fupi huchoka mapema na hutaka kubadilishwa. Uwanja wa shabaha anaoujua yeye uko Bara. Kwenda atakwenda, mambo yakitulia.

Juzi nikaona nimvae. Nikamwambia, shemegi, geti halifungiki, linabaki nusu wazi usiku kucha, na wewe umekaa na mafuta mkononi. Tia matone mawili kwenye bawaba, unilinde kwa njia ya kawaida.

Akaificha chupa nyuma ya mto. "Usithubutu! Ukilitia mafuta, mwizi ataingia kimya. Nitaamkaje?"