Kipupwe cha Bibi: Tuhesabu Kuanzia Nane Hadi Moja

Kwetu mjukuu ni mtani. Wa kiume ananiita mke wangu, wa kike ni mke mwenzangu, na mzazi haruhusiwi kuingilia. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipupwe hiki kimekuwaje, simpi ratiba ya safari peke yake, nampa na maneno yaliyosemwa njiani. Nimeyapanga matembezi yetu kuanzia lililonifurahisha kiasi mpaka lililonifurahisha kupita yote. Kiti cha hakimu nimekalia mimi. Wajukuu wametangaza kukata rufaa, na nimewajulisha kwamba rufaa nazo zinasikilizwa na mimi.

8. Stendi ya Kange, alfajiri

Naishi Tanga. Watoto wangu wametawanyika Moshi, Dar, Dodoma na Unguja, na miaka yote desturi ilikuwa Juni ikifika wao ndio wanaokuja. Mwaka huu nikasema nawafuata mmoja mmoja hukohuko waliko. Nikatoka na kiroba cha machungwa ya Muheza, maana msimu wake ndio huu, na machungwa yanayouzwa mjini kwao nayajua.

Konda: "Bi mkubwa, hiki kiroba kina tiketi?"

Mimi: "Kina wajukuu, mwanangu."

Akakipakia. Babu yao alibaki kulinda kuku. Basi halijafika Segera ameshapiga simu kuuliza chumvi inawekwa wapi.

7. Sabasaba

Vumbi, foleni, na kila mjukuu anataka banda lake. Nilichokipenda ni swali la kitinda mimba wa Dar. Nilimweleza kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kwamba Babu naye ni wa mwaka huohuo. Akayatazama mabanda, bendera na umati wote ule kwenye Barabara ya Kilwa, akauliza: "Kwa hiyo watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya Babu?"

Usiku tulimpigia Babu tukamweleza. Akasema amepokea salamu za taifa, na kuku hawajambo.

6. Mapango ya Amboni

Niliporudi kutoka Moshi nilirudi na wawili, nikawapeleka Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Ni mapango ya mawe ya chokaa, giza lake ni giza kweli, na popo hawaombi radhi. Kuna mahali njia inabana mpaka mtu mzima anapita ubavuubavu huku ameshika pumzi. Hapo ndipo vijana waliojigamba tangu nyumbani walipokumbuka adabu: "Bibi, tangulia wewe, wewe ni mkubwa."

Waongoza wageni wa pale wana hadithi yao ya tangu zamani, ya mbwa aliyepotelea mapangoni akaja kutokea huko Kilimanjaro. Wa Moshi wakatazamana. Mdogo akasema: "Na hakulipa nauli!"

Tangu siku hiyo basi likichelewa popote, kuna mtu lazima aulize kama mapango bado yako wazi.

5. Treni ya Dodoma

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Treni ya umeme ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, nami nilikuwa na hamu nayo tangu siku ile, kwa sababu Dodoma ya ujana wangu ilikuwa safari ya kutoka na giza na kuingia na giza. Sasa ni mwendo wa yapata saa nne tu, viti safi, na hakuna anayekukalia miguuni.

Baada ya Morogoro, kuelekea Kilosa na kuipita, reli inaingia milimani na kuna mahandaki. Wajukuu wakawekeana dau la kuyahesabu. Kila mmoja akatoka na idadi yake, na idadi kubwa kuliko zote ilikuwa ya yule aliyefumba macho tangu handaki la kwanza. Alidai kwake giza halikuisha, na ndani ya giza lile huwezi kujua moja limekwisha wapi. Nilimpa ushindi. Hoja ni hoja.

Lawama moja tu: treni ilifika kabla sijamaliza hadithi ya Abunuwasi. Ikabidi niimalizie kwenye teksi, na dereva alipunguza mwendo mpaka wenye bodaboda wakatupigia honi, kwa sababu naye alitaka kujua mwisho wake.

4. Forodhani, baada ya magharibi

Fupi, kwa kuwa tulikula zaidi ya tulivyosema. Wa Moshi aliletewa bakuli la urojo, akalionja, akanyamaza, akatoa hukumu: "Bibi, huu ni mtori wa baharini." Muuza urojo alicheka mpaka akamwongezea bajia. Mama wa Unguja, mkwe wangu, hakucheka. Bado tunasuluhisha.

3. Msitu wa Marangu hadi Mandara

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Wengi wanadhani Kilimanjaro ni ya wanaokwenda kileleni, na asiyekwenda kileleni kazi yake ni kuupiga mlima picha kutoka barabarani. Si kweli. Mtu anaweza kulipia siku moja, akapanda na kiongozi kutoka lango la Marangu mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, akala chakula chake akashuka. Njia yote ni msitu. Kuna mbega wenye mikia myeupe mirefu wanaokutazama kutoka juu, kuna miti iliyovaa ndevu za ukungu, na mkondo wa maji unausikia kabla hujauona.

Mjukuu wangu wa Moshi, yule mrefu, alianza utani langoni: "Mke wangu, ukichoka useme nikubebe."

"Wewe nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno," nikamwambia. "Deni hilo bado linasomeka. Tembea."

Kiongozi wetu, kijana wa hapohapo Marangu, aligeuka akamwambia kwamba Julai 2019 mama mmoja wa Marekani, Anne Lorimor, alifika Uhuru, mita 5,895, akiwa na miaka 89. Yule mrefu akapiga hesabu kimyakimya. Kisha: "Basi mke wangu una muda bado."

Kilichonishika zaidi si urefu wa mlima. Ni ua. Kiongozi alitusimamisha kando ya njia, penye unyevu, akatuonyesha ua dogo lisilotimiza urefu wa kidole gumba, jekundu likiwa na manjano, na kwa nyuma limeota kijimkonga kilichojikunja kabisa kama cha ndovu. Kwa asili yake haliko pengine popote duniani, ni la mlima huu tu. Wajukuu wanaokaa chini ya mlima huo tangu kuzaliwa walikuwa hawajawahi kuliona. Wakalala kifudifudi kwenye matope, watatu kwa mpigo, nguo zile alizozipiga pasi mama yao. Hakuna aliyetoa simu. Nikajua siku imelipa.

Nyumbani mkwe wangu alipoona nguo, akaniangalia mimi. Nikamwangalia Babu, kisha nikakumbuka Babu yuko Tanga na kuku.

2. Kisiwa cha Changuu

Mwaka 1919 kobe wanne wakubwa waliletwa Unguja kutoka Shelisheli, zawadi, wakawekwa Changuu. Kobe wa aina hiyo wapo hadi leo, na baadhi wamepita miaka 100. Umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye magamba.

Kusi lilikuwa limeshika, mashua ikarukaruka, na waliosema hawaogopi bahari walinishika kanga pande zote mbili. Tulipotua, kitinda mimba wa Dar alikwenda moja kwa moja kwa kobe mkubwa kuliko wote, akasoma namba, akainama na mkono kifuani: "Shikamoo, Babu."

Kobe akatafuna mchicha. Mtoto akageuka kwangu ameudhika: "Hajaitikia marahaba!"

"Anasubiri umsalimie na wenzake," nikamwambia. Akawazunguka wote. Wote. Mashua ilitusubiri.

Mlinzi alituonyesha jambo moja: ukimkuna kobe chini ya shingo, taratibu, huinuka kwa miguu yote minne na kuinyoosha shingo mpaka inakuwa ndefu usivyotegemea, kisha hutulia hivyo, macho nusu. Ngozi yake ni kavu, imekunjamana, lakini ina joto la jua. Mke mwenzangu, binti wa Unguja, akasema Bibi naye ukimkuna mgongo hutulia hivyohivyo.

"Tofauti ni moja," nikamjibu. "Kobe hatoi hela ya soda."

Akanikuna mgongo mpaka Forodhani.

1. Mwaka Kogwa, Makunduchi

Makunduchi ndiko kilikozikwa kitovu changu, kwa hiyo anayeshangaa namba moja hajanijua. Kila Julai tunaukaribisha mwaka wa Washirazi, na wa Makunduchi wote popote walipo hutafuta njia ya kurudi. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa, wadogo wa bara wakabaki na sare zao na vilio. Waliokuja ni wa vyuoni, wa Unguja yenyewe, na Babu, aliyewapa jirani wale kuku akapanda boti.

Pale Kae Kuu wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba. Hupigana kwelikweli, na aliyemwekea mwenzake neno la mwaka mzima hulimaliza hapo. Wanawake tunazunguka na kanga zetu bora tukiimba, na nyimbo zetu zinachapa kuliko migomba. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, waliomo ndani wakachomoka mbio, umati ukapiga kelele.

Wajukuu wangu wawili wa vyuoni walikuwa wamegombea chaja ya simu tangu Dar. Mama zao walijaribu kuwasuluhisha kwenye boti, wakashindwa. Nikawapa kila mmoja bua la mgomba. Walipigana mpaka mabua yakabaki nyuzi, wakarudi wananuka utomvu, wamekumbatiana, na chaja mpaka sasa haijulikani iko wapi. Mke mwenzangu alilalamika kwa nini wasichana hawapewi mgomba. Nikamwambia aimbe. Akaimba, na alichomwimbia kaka yake sikiandiki.

Halafu ni kula. Desturi yetu ni kwamba siku hiyo nyumba isikose mgeni, na nyumba yetu ilikuwa na wageni mpaka ukutani. Jirani ambaye wake hawakufika alibisha hodi adhuhuri, kanga kichwani, akasema bila haya: "Dada, niazime mgeni mmoja."

Nikamtoa yule mrefu wa Moshi, ambaye sasa yuko chuoni. Alirudi alasiri, mkanda umelegezwa, akauliza kama jirani wa upande wa pili naye ana mgeni.