Mtalii Akikuuliza Habari za Theluji Pale Horohoro, Mjibu Haya Manane

Desemba ikifika, mabasi ya Tanga na Mombasa hushusha watalii Horohoro wagonge mihuri. Wengine wametoka milima ya Alps, na hata wakiwa foleni macho yao yako kwenye simu: kwao imeanguka theluji kiasi gani? Mteremko wa kuteleza kwa skii umefunguliwa? Halafu wanakugeukia na kukuuliza kwa huruma, "Ninyi huku theluji hamuijui, siyo?" Ndugu yangu, usinyamaze. Mtu wa mpakani ana majibu manane, na yote ni ya kweli. Tuanze na la nane tushuke hadi la kwanza.

8. Ripoti ya mteremko, Horohoro, leo asubuhi

Theluji mpya: sentimita sifuri. Theluji ya jana iliyobaki: sifuri. Upepo: kaskazi. Anga: jua kali. Barabara: lami kavu mpaka Tanga mjini, kilomita 65 hivi. Kule Alps hata kituo kidogo cha skii hutoa ripoti kama hii kila alfajiri. Hueleza kina cha theluji juu ya mlima na kina cha chini, kwa sababu wenye hoteli, walimu wa skii na wapishi wote wanakula kwa namba hizo mbili.

*Kwa uhakika wa utabiri tunawashinda: leo sifuri, kesho sifuri, Krismasi sifuri.*

7. Baridi yetu tunayo

Njoo Julai, kusi inavuma na alfajiri imeshuka hadi nyuzi 20 hivi. Tazama kijana wa bodaboda: koti zito limefungwa mpaka kidevuni, kofia ya sufu chini ya helmeti, glavu mkononi, na kikombe cha chai ya tangawizi anachokikumbatia kwa viganja vyote viwili kabla hajawasha pikipiki. Mtalii wa Austria anapita mbele yake na kaptula.

*Mgeni na kaptula yake, mwenyeji na koti lake. Kila mtu na damu yake.*

6. Hesabu ya kupanda mlima

Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Chukua nyuzi 30 za Horohoro. Panda Lushoto, mita 1,400 hivi: unabaki na nyuzi 21, vaa sweta. Endelea kwa hesabu hiyohiyo hadi kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895: umepoteza nyuzi 38, uko nane chini ya sifuri. Watabiri wa Alps nao hutumia kanuni hiyo kujua mvua itageuka theluji kwenye mwinuko gani. Joto likizidi kwa nyuzi mbili tu, mstari wa theluji unapanda mita 300 hivi, na kituo kilichojengwa chini ya mstari huo kinapata mvua na tope. Ndiyo sababu vituo vidogo vya mabondeni ndivyo vinavyolia zaidi miaka hii.

*Theluji ni hewa ya Horohoro iliyopanda mlima.*

5. Skii ya Afrika ipo, na msimu wake ni kipupwe

Lesotho, kwenye milima ya Maluti, kuna kituo kiitwacho Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Watu huteleza Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye kipupwe. Theluji ya mbinguni haitoshi, kwa hiyo wana mashine zinazopuliza maji kwa matone madogo sana kwenye hewa ya baridi kali. Matone huganda kabla hayajagusa ardhi. Hewa ikiwa kavu kazi inakwenda vizuri zaidi, kwa kuwa tone likipoteza mvuke hupoa haraka. Hewa yetu ya pwani ni ya joto na imelowa.

*Ukiiwasha mashine hiyo Horohoro utapata manyunyu, na kina mama wenye mashamba ya mihogo watakushukuru.*

4. Skii imeshapita Kilimanjaro

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii. Mwaka huohuo Fritz Klute na Eduard Oehler walikuwa mlimani wakichora ramani ya barafu, na ramani hiyo inatupa kama kilomita 12 za mraba. Kufikia 2007, asilimia 85 hivi ya eneo lile ilikuwa imekwisha. Barafu ya kileleni iliyopewa jina la Furtwängler imesinyaa ikapasuka vipande.

Theluji mpya huanguka hasa nyakati za masika na vuli, na kazi yake kubwa ni weupe: hurudisha jua angani na kuikinga barafu ya zamani iliyo chini yake. Isipoanguka ya kutosha, barafu hubaki wazi, imechafuka, inameza jua mchana kutwa. Mwaka 2002 wanasayansi walitabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka ilipita, barafu bado ipo. Mwaka 2022 UNESCO ikaonya kwamba haitavuka 2050.

*Watabiri walikosea tarehe; njia hawakuikosea.*

3. Msafara wa pwani uliona kabla London haijaamini

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai nyuma ya Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, mlima wa Wachaga. Hakufika pale kwa akili zake mwenyewe. Aliongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyezijua njia za bara. Rebmann aliandika kwamba alipouliza ule weupe ni kitu gani, kiongozi wake alimjibu kwa neno moja: baridi. Habari ilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley aliikataa kabisa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Cooley hakuwahi kukanyaga huku. Ilibidi msafiri Karl Klaus von der Decken apande mlima ule mwaka 1862, theluji imwangukie mwenyewe, ndipo ubishi ukaanza kupoa.

*Mwenye njia alishajibu. Mwenye maktaba alibisha miaka zaidi ya kumi.*

2. Binti wa Kilifi

Vuka Lunga Lunga, pita Ukunda, panda feri ya Likoni, toka Mombasa kwa daraja la Nyali, pita Mtwapa: uko Kilifi. Hapo ndipo alipozaliwa Sabrina Simader mwaka 1998. Alihamia Austria akiwa na miaka mitatu, akakulia kwenye miteremko, na mwaka 2018 akaibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, mwanamichezo pekee wa nchi yake. Mwaka ule aliozaliwa, Philip Boit naye alikuwa Nagano, Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo, kwenye mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Bingwa wa mbio, Bjørn Dæhlie wa Norway, alisubiri mstarini kumkumbatia, sherehe ya medali ikangoja. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mtalii akikwambia skii si mchezo wa watu weusi, mtajie majina hayo mawili kwa sauti, kisha umwoneshe barabara ya kwenda Kilifi.

*Wa mwisho Nagano alikumbatiwa na wa kwanza. Na wa pwani yetu alibeba bendera.*

1. Mlima Kilimanjaro unamwaga maji yake Tanga

Hili ndilo jibu kubwa kuliko yote. Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, unashuka Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, kisha unaingia baharini Pangani mjini, mkoani kwetu. Wengi husema barafu ikiisha mto nao umekwisha. Sivyo. Maji yanayotoka kwenye barafu ni sehemu ndogo mno. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu uliozunguka mlima: matone hushika majani na ndevu za kuvumwani mitini, hudondoka kwenye udongo, hunywewa na ardhi, hutoka chini kama chemchemi. Msitu ule ukiungua, mlima unapoteza maji ambayo hakuna theluji itakayoyafidia. Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro siku nyingi, na watu walipanda na matawi na majembe kupambana nao.

Kwa hiyo tusiulilie Kilimanjaro kwa picha ya kileleni peke yake. Barafu ile hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Imebebwa na mabadiliko ya tabianchi ya dunia nzima. Msitu uko mikononi mwetu, wa Kilimanjaro na wa Usambara pia. Ewe unayechoma mkaa, unayerina asali kwa moto, unayesafisha shamba kiangazi: hakikisha moto umezimika kabla hujaondoka. Ukiona moshi msituni, piga simu kijijini usingoje jirani. Barafu itaondoka hata tukisimama kuitazama. Msitu hauondoki mpaka tuukate au tuuchome, basi tusiukate, wala tusiuchome.