Gugumaji Lipewe Haki Yake

Wavuvi wamelilaani vya kutosha. Leo acheni nilisifu mimi. Asili yake ni bonde la Amazoni, na lililolisafirisha duniani ni ua lake tu: zambarau, petali ya juu ina doa la njano kama jicho la manyoya ya tausi. Watu walilifuga kwenye vidimbwi vya bustani, likatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na Mto Kagera ukawa unalishushia ndugu zake kila siku, bila nauli. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema. Hili halikungoja kupewa.

Ling'oe moja uligeuze. Juu kuna majani yanayong'aa, vikonyo vimevimba kama maboya. Chini zinaning'inia ndevu nyeusi, laini, zinazochuruzika tope. Ofisi iko humo ndevuni. Risasi, kadimi, kromiamu, shaba, hata zebaki iliyoyeyuka majini hunasa humo. Kiasi kidogo hupanda majanini, kilichobaki hukaa mizizini. Halidai umeme, wala dawa, wala posho ya kikao.

Na kazi tunalipa kweli. Kiwanda cha ngozi kinamwaga kromiamu, mchimbaji mdogo wa dhahabu anaosha kwa zebaki, betri kuukuu inatupwa mtaroni. Chakula nacho tunalipelekea: mbolea ya mashambani na maji ya vyoo. Likishiba hivyo, wiki mbili zinatosha kuongezeka maradufu. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetanda karibu hekta 20,000. Nitajieni idara nyingine iliyoajiri kwa kasi hiyo.

Najua, najua: mtumbwi haupenyi, propela inasongwa, samaki wanakosa hewa chini ya lile zulia, konokono wa kichocho wamepata nyumba. Hasira zikapanda hadi miaka ya tisini wakaletwa fukusi wa huko huko kwao, waje kulila. Mtumishi anashtakiwa kwa ukoo wake!

Kasoro yake ya kweli ni moja, nami siifichi. Likisha kubeba sumu lazima litolewe majini, lipelekwe mbali, na asije mtu akalishia ng'ombe au akalifanya mboji ya mchicha. Likiachwa, linazeeka, linazama, linaoza, na metali yote inarudi ilikotoka. Ndiye mtunza stoo pekee ninayemjua ambaye asipokaguliwa hurudisha mali.

Juzi nilikuta vijana mwaloni wakilivuta kwa reki, maji yamewafika kiunoni, wanalipwa kwa siku. Hadi jioni walikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi, kimelundikwa hatua kumi kutoka ufukweni, ndevu zinachuruzika. Msimamizi akakipiga picha ya ripoti, akaondoka na gari.

Usiku ikanyesha.