Garanti Oyee!

Watu wa mji wa Baraka wana wivu tu. Wakiona lori jipya, viti bado vina nailoni, likidondosha mafuta ya giaboksi, wanacheka. Hawaoni ukarimu: barabara ya RN5 huku haina lami, basi lori linajitolea kutuliza vumbi kuanzia Mboko hadi milima ya Fizi. Usiku dereva hutega sufuria chini ya lori. Asubuhi huchuja mafuta kwa kitambaa, akayarudishia.

Garanti ya lori nayo ni heshima kubwa. Fundi asiyeidhinishwa akigusa sili ya giaboksi inayovuja, garanti imekufa. Na ni haki! Kijana fundi wa chini ya mwembe angebadilisha ile sili kabla bugali haujaiva, na mambo makubwa hayaendeshwi kwa pupa hivyo. Afadhali lori liende Uvira, lipande miinuko ya Ngomo, lifike Bukavu kwa magurudumu yake lenyewe, likajieleze kwamba linaumwa. Huko wataalamu hulipiga picha, kisha hueleza kwa upole kwamba giaboksi imeungua kwa kutembezwa bila mafuta.

Tena, garanti haihusiki na barabara mbovu. Inahusika na barabara nzuri, na hiyo ikijengwa tutarudi kudai.