Njia za Uhakika za Kushusha Bei kwa Sonara

Kila siku katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Gizenga mpaka Mkunazini, kuna mtu amesimama mbele ya kabati la kioo la sonara, kashika pete iliyofuliwa kwa mkono, kaambiwa bei, na uso umembadilika. "Baba'angu, mbona waniua? Kama hii sokoni Darajani nimeiona kwa elfu kumi." Sonara huirudisha pete kwenye kitambaa chake na mazungumzo huishia hapo. Mwongozo huu nimemwandikia mteja huyo. Bei ya kitu cha mkono hushuka kweli, na njia za kuishusha zipo, nyingine hazitaki hata kubembeleza. Sharti ni moja: ujue unachopunguza.

Anza kwa kuacha kuipatana dhahabu. Dhahabu ina bei yake duniani, hutajwa kwa wakia moja, yaani gramu 31.1, na mwezi wa Oktoba 2025 wakia hiyo ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Sonara wa Hurumzi hana amri juu yake, wala mfanyabiashara wa Dubai hana, wala mchimbaji wa Geita. Kwa hiyo mwambie akupimie mbele ya macho yako, kisha akutajie mambo mawili mbalimbali: thamani ya dhahabu, na pesa ya ufundi. Pete ya gramu nne ya karati 18 ina gramu tatu za dhahabu safi, kwa kuwa karati 18 ni asilimia 75. Ya karati 21 ina gramu tatu na nusu. Mtoto wa skuli anaiweza hesabu hiyo. Ukishaitoa, kilichobaki ndicho unachokigombania: saa za mtu aliyeinama juu ya meza.

Njia ya pili, peleka dhahabu yako mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa desturi. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ambayo Vienna iliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufa, ilizunguka Unguja, Lamu na Maskati katika karne ya 19. Uzito wake ni gramu 28, na fedha iliyomo ni asilimia 83. Mtu akitaka mitali ya mkewe alikwenda na reale zake, zikapimwa, zikayeyushwa, akalipa ujira. Nawe huenda una bangili iliyokatika, herini iliyopotewa na mwenzake, mkufu aliokuachia bibi ambao hutauvaa kamwe. Vifungashe, upeleke. Ila muulize fundi kwanza habari ya lehemu. Kitu cha zamani kilichoungwa mara nyingi kina lehemu ndani yake, na lehemu huchanganywa makusudi iyeyuke mapema kuliko kitu chenyewe, hivyo karati yake mara nyingi huwa ndogo. Vikiyeyushwa vyote pamoja, karati inashuka. Fundi mwaminifu atakwambia haya kabla hajawasha moto, na atavikata viungo hivyo aviweke kando. Kukata huko nako ni kazi, na utailipia. Hata hivyo umeokoa pesa nyingi.

Njia ya tatu ni kuchagua kitu chenye mapigo machache, na hapa nakuomba utulie, maana hapa ndipo pesa ilipo. Chukua mkufu wa fedha. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 962, dhahabu safi 1,064. Fundi huiyeyusha, akaimimina kwenye kalibu, akapata kijiti kifupi. Anakifua. Kila kikifuliwa kinazidi kuwa kigumu, na kikikataa kabisa anakipasha moto kilainike, anaanza tena. Kisha anakivuta kwenye bamba la chuma lenye matundu, tundu pana kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, akirudi motoni baada ya matundu machache. Uzi ukishapatikana anauzungusha kwenye chuma chembamba, anaukata kwa msumeno ambao meno yake huyaoni mpaka uyatafute, na sasa ana rundo la vijiduara mezani.

Mkufu wa sentimita 45, kila pingili ikichukua milimita tatu, unataka pingili 150. Kila moja inapitishwa ndani ya mwenzake, inafungwa kwa koleo mbili mpaka mwanga usipenye katikati, inapakwa dawa ya kuungia, inawekwa chembe ya lehemu ndogo kuliko punje ya mtama, inapigwa moto. Moto ukizidi kidogo tu, pingili inayeyuka pamoja na jirani yake. Mara 150 hizo. Halafu ndiyo zinakuja tupa, msasa na kung'arisha. Kiwandani mashine inazisuka pingili na kuziunga bila kuchoka, na mtu mmoja anasimamia mashine kadhaa.

Basi ukitaka bei ishuke, nunua mkufu wa mashine, kisha umfulishe sonara kidani cha kuning'iniza. Nasema hivi kwa moyo mweupe. Mikono yake iende mahali ambapo mashine haiwezi kukujua, kwenye nakshi, kwenye jina, kwenye umbo ulilolitaka wewe.

Njia ya nne ina nguvu kuliko zote. Tafuta wenzako mia moja.

Kiwandani pete nyingi huzaliwa hivi. Mfano mmoja unachongwa, unatolewa kalibu la mpira, na nta inaingizwa humo tena na tena. Pete za nta zinapachikwa kwenye kijiti kimoja, nacho ni cha nta, mpaka kiwe mti wenye matawi kila upande. Mti unazungushiwa plasta, unatiwa tanurini nta itoke, na dhahabu inamiminwa mahali palipobaki wazi. Mmimino mmoja, pete makumi. Siku alizokesha mchongaji juu ya ule mfano wa kwanza zinagawanywa kwa maelfu ya wanunuzi, kila mmoja akamlipa dakika chache tu.

Wewe nawe ukiitaka bei hiyo, kusanya wanawake mia wenye kidole cha kipimo chako, wanaotaka jina la mama yako lichorwe kwa herufi za Kiarabu ndani ya pete, na wanaoolewa mwezi unaoolewa wewe. Njooni siku moja. Sonara atakushushia, nakuhakikishia. Ukija peke yako, kufikiri kwake, michoro anayochora na kufuta, na ile pete ya shaba atakayoijaribia kwanza ili asiiharibu dhahabu, vyote unavibeba peke yako. Hapa wengi wanadhani wanaibiwa. Hawaibiwi. Wamemuajiri mtu kwa siku kadhaa, na jambo hilo halikuwapitia akilini walipokuwa wanachagua umbo.

Njia ya tano, kata shauri kabla ya moto. Tuseme umechagua tanzanaiti, lile jiwe la buluu lililogunduliwa Mererani mwaka 1967, ambalo sasa limejaa kwenye maduka ya vito ya Mji Mkongwe. Ugumu wake uko kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, wakati yakuti ni 9. Haliwezi joto la ghafla, hupasuka. Ukirudi wiki ya pili ukisema, "Fundi, inanibana," hawezi kuipiga moto pete jiwe likiwa ndani. Anafungua makucha, anatoa jiwe, anaikata pete, anaongeza kipande, anaunga, anapiga tupa, anang'arisha, analirudisha jiwe na kufunga makucha moja baada ya jingine, pumzi kaizuia. Vidole navyo huvimba kwa joto letu la Unguja. Pima jioni ukiwa umeshapita juani, usipime asubuhi ya kipupwe wala ukiwa umetoka kuoga maji baridi. Kipimo hicho hakina gharama, na kinakuokolea pesa kuliko saa nzima ya kubembeleza.

Harusi nazo zina msimu. Kabla ya Ramadhani na tangu Mfungo Mosi kuingia, meza za masonara zimejaa seti za maharusi, na kila mama anataka ya mwanawe itoke kesho. Anayeagiza mapema ana nafasi ya kuzungumza, anayekuja siku tatu kabla ya nikaha analipia usiku wa fundi.

Sasa niseme lile linaloniuma. Kuna njia moja ambayo watu wengi huitumia, na inafanya kazi: kumbana fundi mpaka ufundi wote uishe kwenye bei. Kijana mwenye kodi ya nyumba na gesi ya kununua anaweza kukubali. Lakini kilichoondolewa kitatokea mahali. Pete itafuliwa nyembamba upande wa chini usiouangalia. Makucha yatashika jiwe kwa ncha tu. Kiungo kitapigwa lehemu mara moja pale palipotakiwa mara mbili. Na wanafunzi wa usonara, wakiona mwalimu wao analipwa dhahabu bila mikono, watakwenda kutafuta kazi nyingine, nami sitawalaumu hata kidogo. Ujuzi wa kuvuta uzi mpaka uwe mwembamba namna ile haufundishwi kwa maneno. Unataka miaka ya kukaa ubavuni mwa anayeujua.

Vitu vya Darajani vilivyochovywa dhahabu sivibezi. Msichana anayetaka herini za kila rangi ya mtandio wake afurahi navyo, ndiyo kazi ya vitu hivyo. Ajue tu anachokinunua. Utando wa dhahabu uliochovywa juu yake mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na jasho la pwani na manukato huula, shaba ikachungulia. Hapo hapana cha kuyeyusha wala cha kupima. Pete ya karati 21 iliyovunjika inarudi mizanini na thamani yake ya dhahabu, na mjukuu anaweza kuifulisha upya.

Kabla hujatoa arbuni, omba risiti iandikwe uzito, karati na ujira, kila kimoja na mstari wake. Muulize pia kuhusu vipande na unga wa tupa, kama unarudishiwa au umeshahesabiwa kwenye bei. Ni swali la haki kabisa, na fundi mzuri halichukii. Na ikiwa baada ya hayo yote bei bado inakushinda, basi punguza ukubwa wa kitu, usipunguze kazi yake. Badala ya bangili chagua pete, badala ya pete chagua kipini cha pua. Kipini hakifiki hata gramu moja, dhahabu yake utaimudu, na fundi ataweza kukifua kwa utulivu ule ule ambao angeutia kwenye kidani cha bi harusi.