Kurisiti na Risiti Zake

Kurisiti ni kurudia mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Neno hili halina undugu na risiti ya dukani, ila anayerisiti hukusanya risiti nyingi kuliko alama.

Kwa kidato cha sita uamuzi huanza Julai, matokeo yanapotoka, na hukwama kwenye hesabu. Kwa Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, hivyo mwenye pointi chache ndiye bora. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu kibao hugeuka: A ni 5, E ni 1, na anayeomba shahada hutakiwa kuwa na angalau pointi 4 katika masomo mawili ya kozi yake. Kijana wa Handeni aliyesoma tahasusi ya HGL akapata E ya Historia, E ya Jiografia na S ya Kiingereza ana pointi 16, daraja la tatu. Jogoo huchinjwa. Wiki moja baadaye hugundulika kwamba chuo kinamhesabia 2. Jogoo keshaliwa.

Hapo huitishwa kikao, na kwa Wazigua mjomba hakosi kuwa na neno: mtu mwenye 16 anahangaikia 4 ya nini? Swali si la kipuuzi, maana njia ya stashahada ipo. Lakini E moja ikipanda kuwa C, pointi 4 zimetimia. E huanzia alama 40 na C alama 60. Kwenye karatasi ni hatua fupi.

Hatua hiyo hupita barabarani. Tuisheni iko Korogwe, yapata kilomita 65. Kijana hupandia gari Chanika, hapo hapo Handeni, na huomba nauli ya mwanafunzi. Konda humtazama, hana sare, ana ndevu, hulipa nzima. Hufuata ada ya mtihani, picha na kurudufu madaftari ya watu. Machi palizi humrudisha shambani, na Mei ndiyo mtihani.

Akirudia masomo yote matatu, Jiografia ikapanda hadi C na mengine yakabaki vilevile, chuo kitampokea. Kwa Baraza atakuwa na pointi 14, na 14 bado ni daraja la tatu. Mjomba husoma hapo tu, huomba kuonyeshwa risiti, na jogoo wa pili huendelea kuwika.