Kozi Isiyo na Kazi

Kwetu ukirudi likizo, chai haijapoa umeshaulizwa unasomea nini. Binamu yangu hujibu kwa neno moja, "uhandisi", akaongezewa kipande cha nyama. Mimi nikisema fasihi, na historia kidogo, baba mdogo hutazama dari kama anayetafuta pale paa linapovuja. "Ukimaliza unakuwa nani?"

Nimeshamjibu kwa ushahidi. Nimemwambia Mwalimu Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952 kwa shahada ya sanaa, wala hakusomea mabomba, na mwaka 1969, akiwa Ikulu, akatoa tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Nikamwongezea Mkapa, aliyesoma Kiingereza pale Makerere. Alinisikiliza kwa adabu zote, akapiga funda la chai. "Sawa, mwanangu. Sasa nafasi ya urais iko moja tu nchi nzima, na ina mtu. Mpango wako wa pili ni upi?"

Watu hudhani sisi wa sanaa tuko chuoni tunalala. Chuo chetu ni cha umma, sikitaji jina maana matokeo hayajatoka. Somo la DS, yaani Development Studies, tunasoma kozi zote pamoja. Ukichelewa kidogo unasikilizia dirishani, mhadhiri unamwona kwa mbali kama dole gumba, na kipaza sauti kinakoroma kuliko wanafunzi. Kitabu kiko nakala moja maktabani, hakiruhusiwi kutoka, kwa hiyo elimu yetu halisi iko steshenari, inauzwa kwa ukurasa. Bumu lenyewe, yaani mkopo wetu wa kujikimu, ni elfu kumi kwa siku, la kula na kulala humohumo, nalo hufika likiwa na madeni yake tayari. Ukimsoma Plato tumbo likiwa tupu, hoja zote unakubaliana nazo.

Lakini kinachoniudhi si hicho. Ni kwamba kozi hii isiyo na kazi imenijazia kazi ukoo mzima! Barua ya posa, niite mimi. Malalamiko ya mpaka wa shamba kwenda baraza la kata, mimi. Kamati ya harusi ikikaa, katibu hapigiwi kura, natafutwa kwa macho tu. Juzi alifariki mzee mmoja wa ukoo ambaye watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimkimbia, nami nikakabidhiwa wasifu wa marehemu. "Andika alikuwa mcheshi na mpenda watu." Nikaandika. Ule muhula wote wa uhalisia katika fasihi ukaishia pale.

Sasa mtazame binamu. Taa ya sebuleni ilipoungua, shangazi alimwita kwa fahari, mhandisi wetu njoo. Akajibu bila hata kuinuka, "Mimi ni wa majengo, shangazi, umeme si fani yangu." Basi! Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaenda kumtafuta fundi, wakamlipa. Mimi sina cha kusema si fani yangu. Usiku huohuo huyo wa majengo aliniletea ripoti yake ya fildi, kurasa sitini za Kiingereza kilichohitaji zege. "Ninyooshee lugha tu, dakika tano." Malipo yangu, aliniambia, yako kwa Mungu.

Nikaona bora nitangaze bei, elfu moja kwa ukurasa, ndugu nusu bei. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Unatudai hela kwa ajili ya maneno?"

Jana kanitumia ujumbe. Binti wa shangazi anaolewa, mimi ni katibu. Mchango wa kila mwanaukoo ni laki moja, ila mimi mwanafunzi nimepunguziwa hadi elfu hamsini. Barua za kuwakumbusha wasiolipa nianze kuziandika leo, ziwe na ukali kidogo. Ya kwanza kwenye orodha ni yangu.